Chini ya Miaka 35, Chumba Tu: Jinsi Vijana wa England Wanavyosaidiwa Kupanga Nyumba ya Pamoja

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi Uingereza, habari za vijana na nyumba zikizuka, maneno mawili hupishana. La kwanza linasema kijana akitimiza miaka 18 aende halmashauri, aseme amefukuzwa nyumbani, atapewa flati yake. La pili linasema serikali haina habari na kijana mpaka alale nje. Kila upande una mfano wa mtoto wa fulani, na mifano yenyewe ni ya kweli. Tatizo ni kwamba watoto hao wawili si wa kundi moja mbele ya sheria. Mmoja huenda alilelewa na serikali, mwingine alikuwa na afya njema na miaka 23. Sheria ya England huwatenganisha kwa umri, kwa malezi, na hata kwa mahali walipokuwa wakilala.

Walio wengi hawaangukii kwenye flati wala kwenye lami. Wakisaidiwa, husaidiwa kupata chumba ndani ya nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengine. Msaada huo ndio ninaotaka kuufumua hapa, maana una vifundo vingi kuliko unavyosimuliwa.

Tuanze na maneno. Asiye na makazi, kisheria, si yule tu anayelala kwenye kibaraza cha duka. Anayelala kwenye kochi la rafiki wiki hii na kwa binamu wiki ijayo naye hana makazi, kwa sababu hana haki ya kukaa popote: akiambiwa atoke, anatoka. Aliyemo ndani ya nyumba yenye kipigo huhesabiwa hivyo hivyo hata kama ana kitanda na ufunguo. Aliye hatarini ni yule anayeelekea kupoteza mahali pake ndani ya siku 56. Hesabu hiyo ilitoka kwenye Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017, iliyoanza kazi Aprili 2018. Tangu hapo halmashauri inatakiwa kuchukua hatua kijana akiwa bado ana paa, badala ya kungoja siku anapofika na begi mkononi.

Na nyumba ya pamoja? Aliyekulia Kariakoo au Magomeni anaijua tayari: ni nyumba ya Kiswahili, vyumba pande mbili za ukumbi, kila chumba na mpangaji wake, choo na jiko vya wote uani, na ugomvi wa umeme wa LUKU mwisho wa mwezi. England imeiwekea sheria tu. Nyumba yenye watu watatu au zaidi wasio wa familia moja, wanaotumia jiko au bafu moja, huitwa HMO. Wakifika watano, mwenye nyumba lazima awe na leseni, na katika nyumba yenye leseni chumba cha kulala mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kupungua mita za mraba 6.51. Ni chumba kidogo, lakini angalau kuna mstari ambao mwenye nyumba hawezi kuuvuka akageuza stoo kuwa chumba cha kulala.

Miaka 35 inatoka wapi

Kijana asiye na kazi, au mwenye kazi ya kipato kidogo, huomba Universal Credit, yaani malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na ndani yake mna fungu la kodi ya nyumba. Kwa anayepanga kwa mtu binafsi, fungu hilo halina uhusiano na kodi halisi anayodaiwa, isipokuwa kodi hiyo iwe chini ya kiwango cha eneo, kiitwacho Local Housing Allowance. Ili kupata kiwango hicho, maofisa hukusanya kodi zinazolipwa eneo hilo, huzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha huchukua ile inayoangukia nafasi ya 30 kati ya 100. Kwa hiyo siku ile ile kiwango kinapowekwa, vyumba kama saba katika kila kumi vinakizidi. Halafu kinagandishwa. Kiligandishwa 2016, kikapandishwa 2020, kikagandishwa tena, kikapandishwa Aprili 2024, na tangu wakati huo kimekaa pale pale huku kodi za mitaani zikipanda.

Sasa umri unaingia. Mtu asiye na mwenzi, hana mtoto, na hajafika miaka 35, hupimwa kwa kodi ya chumba katika nyumba ya pamoja, wala si kwa kodi ya flati ya chumba kimoja. Kanuni hii ilianza Oktoba 1996 ikiwagusa walio chini ya miaka 25. Januari 2012, katika zile hatua za kubana matumizi, ikasukumwa hadi 35.

Hapa ndipo pana kutoelewana kukubwa zaidi. Watu husema kijana analazimishwa kuishi na wasiomfahamu. Hakuna anayemlazimisha. Anaweza kupanga studio, yaani flati ndogo ya peke yake, akipenda, ila atalipiwa kama aliyepanga chumba, na tofauti aitoe mfukoni. Tuseme kiwango cha eneo lake ni pauni 400 kwa mwezi na chumba alichokipata ni pauni 550. Posho ya kujikimu ya mtu mmoja aliye chini ya miaka 25 ilikuwa pauni 316.98 kwa mwezi katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Toa zile 150 za kujazia kodi, zinabaki kama 167: pauni tano na senti kwa siku, za chakula, nauli, simu na sabuni. Hiyo ni hesabu ya chumba. Studio hata usiipigie.

Wapo walioachwa nje ya kanuni hii. Kijana aliyelelewa chini ya uangalizi wa serikali hulipiwa kiwango cha flati ya chumba kimoja mpaka afike miaka 25. Wenye ulemavu wanaopokea baadhi ya malipo ya ulemavu wamo, na tangu Oktoba 2022 wameongezwa walionusurika ukatili wa majumbani na utumwa wa kisasa. Tena kanuni haigusi nyumba za halmashauri wala za vyama vya nyumba. Basi ukisikia mtoto wa fulani ana flati yake na miaka yake 20, ujue njia yake imepitia mojawapo ya milango hiyo.

Kuna mlango mwingine ambao kila nikiusoma hunishangaza. Kijana aliyekaa miezi mitatu katika hosteli ya wasio na makazi, akisaidiwa kujipanga upya, naye huondolewa kwenye kiwango cha chumba. Mwenzake aliyewahi kuomba msaada mapema, akaepuka hosteli, hubaki na kiwango cha chini. Nia ya waliotunga ilikuwa njema, kuzifungua hosteli zilizojaa. Matokeo yake ni kwamba aliyezama analipiwa zaidi ya aliyeshikwa mkono kabla hajazama. Ningeulizwa kipi kirekebishwe kwanza, ningetaja hicho.

Nyumbani panapobana

Katika takwimu za serikali ya England, sababu ya watu kukosa makazi inayojirudia kila mwaka miongoni mwa zinazoongoza ni hii: ndugu au marafiki hawawezi tena kumweka mtu, au hawataki. Kwenye vikao vyetu hilo huzungumzwa kama suala la adabu. Mtoto kawa mkaidi, mama kachoka. Adabu huwa imo, lakini tazama na fedha.

Mtoto akimaliza masomo, mzazi anayepokea Universal Credit hupoteza fungu la mtoto huyo, na posho ya watoto nayo hukatika. Mtoto akifika miaka 21 na bado anaishi pale, kwa kawaida fungu la kodi la mzazi hupunguzwa, kwa hoja kwamba mtu mzima huyu achangie. Yeye mwenyewe huenda anafanya zamu mbili tatu kwa wiki kwenye ghala. Ndani ya flati ya vyumba viwili yenye wadogo zake watatu, hasira za jioni moja hazihitaji kuchochewa sana.

Kama pamefika hapo, kitu cha kwanza kitakachoulizwa halmashauri ni ushahidi kwamba kweli kijana anatakiwa kutoka. Barua ya mzazi yenye tarehe inatosha kuanzia. Wazazi wengi wa kwetu huogopa kuiandika wakidhani itakuwa kesi juu yao. Kijana akishapita miaka 18, kuandika kwamba hawezi kukaa tena baada ya tarehe fulani si kosa. Ofisa huenda akapiga simu au akaomba kuja kuwasuluhisha, na mara nyingine suluhu inapatikana kwa mwezi mmoja au miwili, muda wa kutosha kutafuta chumba bila papara.

Asiye na miaka 18 ana njia yake na haipaswi kuchanganywa na hii. Huyo ni mtoto, na mwenye kumwajibikia ni idara ya ustawi wa jamii. Mahakama ya juu ya Bunge la Malabwana ililisema hilo waziwazi mwaka 2009 katika kesi dhidi ya halmashauri ya Southwark: idara haiwezi kumsukumia kijana wa miaka 16 au 17 kwa idara ya nyumba ikajitoa. Kumtafutia chumba cha kupanga kama mtu mzima ni kumkosea.

Kwa waliopita umri huo, halmashauri hukaa na kijana na kumwandikia mpango wake, hatua zake na hatua zao. Huduma hii ya kuzuia ni haki ya kila anayestahili kwa hali yake ya uhamiaji, awe mzima au mgonjwa. Mwenye viza inayomkataza fedha za umma hana mlango hapa, na ni vizuri atafute ushauri wa sheria kabla hajajaza fomu yoyote. Lakini kupewa mahali pa kulala usiku huo ni jambo jingine. Hapo huangaliwa walio mbele kwenye foleni: wenye watoto, wajawazito, waliolelewa na serikali wenye miaka 18 hadi 20, na walio dhaifu kwa ugonjwa au mengine. Kijana wa miaka 23 mwenye afya kwa kawaida hayumo. Wale wanaosema serikali haina habari na kijana wameliona hilo kwa macho yao. (Scotland mambo ni tofauti. Wao waliifuta foleni hiyo mwisho wa 2012, na kwao hata kijana mzima ana haki ya kupatiwa makao.)

Ndiyo maana ule ushauri wa kuondoka nyumbani mwenyewe halafu "kaunsili itajua" ni hatari. Aliyeacha mahali ambapo angeweza kuendelea kukaa anaweza kuhesabiwa kuwa amejikosesha makazi kwa makusudi.

Msaada wenyewe unafanyaje kazi

Kikwazo cha mwanzo ni fedha za kuingilia. Tangu Sheria ya Ada za Wapangaji ya 2019, dhamana haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida. Kwa chumba kile cha pauni 550, dhamana ni kama 635, na ukiongeza kodi ya mwezi wa kwanza unakaribia 1,185. Anayebakiwa na pauni tano kwa siku hana pa kuzitoa.

Kwa hiyo miradi mingi ya halmashauri na mashirika ya hisani husimama katikati. Baadhi hutoa fedha taslimu, kwa mkopo usio na riba au bure. Nyingine hutoa hati ya ahadi: mwenye nyumba hapokei hata senti, bali karatasi isemayo kwamba kijana akiharibu kitu au akiacha deni, mradi utalipa hadi kiasi fulani. Wenye nyumba hupenda taslimu, na huwezi kuwalaumu sana. Hata hivyo hati ikija na namba ya simu ya mtu anayepokea, wengi hukubali, kwa kuwa hofu yao kubwa ni kuachwa peke yao na mpangaji aliyekwama.

Fedha zikishapatikana ndipo inapokuja kazi ngumu, ambayo haina fungu lake kwenye Universal Credit: nani akae na nani. Serikali inalipa kodi ya chumba na kuacha kila kitu kingine kijipange chenyewe. Ukiwatia vijana wanne wasiojuana nyumba moja, mmoja anarudi kazini alfajiri, wa pili anapiga muziki saa nane za usiku, wa tatu hajawahi kuishi bila mtu mzima wa kumwambia taka zinatolewa lini, hutakaa muda mrefu kabla chumba kimoja hakijabaki kitupu. Shirika la Crisis, kwa fedha za serikali, liliendesha kati ya 2013 na 2015 mpango wa kujaribu njia mbalimbali za kuwakalisha watu pamoja. Njia mojawapo ilikuwa nyumba za mafunzo, ambamo kijana hujifunza kugawana bili na jiko kabla hajaenda kupanga kwake. Wazo ni vijana wakutanishwe kwanza, waulizwe mambo ambayo dalali hajali kuyauliza: unavuta sigara, wageni wako hulala, unakula nguruwe, unaamka saa ngapi.

Njia nyingine ninayoiona ya busara ni ya mpangaji kiongozi. Shirika la hisani la Commonweal Housing la London lilianza kuijaribu mwaka 2012 pamoja na mashirika ya Thames Reach na Catch22. Katika kila nyumba mmoja wa wapangaji, ambaye maisha yake yametulia kidogo kuliko ya wenzake, hufunzwa na kusaidiwa ili awe mtu wa kwanza kuambiwa bomba limepasuka au fulani hajalipa. Hana mamlaka ya kumfukuza mtu. Anaishi pale pale, basi anajua mambo kabla hayajawa barua ya mwanasheria.

Wakati chumba kinatafutwa, kijana anahitaji pa kulala. Kuna mpango wa Nightstop, unaosimamiwa na shirika la hisani la Depaul, ambamo watu wa kawaida hujitolea vyumba vyao vya wageni kwa usiku mmoja au siku chache. Wenyeji huchujwa na kufunzwa kwanza.

Swali ambalo miradi mingi hukwama nalo ni la chumba kitupu. Mmoja akiondoka, kodi ya chumba chake analipa nani mpaka apatikane mwingine? Kwenye nyumba ya familia swali hilo halipo. Kwenye nyumba ya pamoja hutokea mara kwa mara, vijana wakipata kazi mji mwingine, wakipata mchumba, wakigombana. Mradi ambao haukutenga fedha za vyumba vitupu hugundua kasoro hiyo mwaka wa kwanza.

Karatasi unayotia saini

Vyumba viwili vinavyofanana vinaweza kuwa na haki tofauti kabisa, kutegemea mkataba.

Wa kwanza ni mkataba wa pamoja. Wapangaji wote wanasaini karatasi moja, na kila mmoja anadaiwa kodi yote ya nyumba. Rafiki yako asipolipa, mwenye nyumba anaweza kukufuata wewe kwa deni lake. Na Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, ambayo tarehe ya kuanza kwa sehemu yake kubwa ni 1 Mei 2026, inaondoa mikataba ya muda maalumu na kuondoa ile notisi ya kumtoa mpangaji bila sababu. Ni ulinzi mkubwa. Lakini ina pembe moja ya kuangalia: katika mkataba wa pamoja usio na mwisho, notisi ya mpangaji mmoja inaweza kuuvunja mkataba wa wote. Kwa kijana aliyekaa na wasiomfahamu, mkataba wa chumba kimoja kimoja una usalama zaidi. Kila mtu hudaiwa chake, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayebeba kodi ya halmashauri na bili.

Ukikaa kwa mtu ambaye naye anaishi humo, jiko moja na wewe, kisheria wewe ni mgeni wake anayelipa. Unaweza kupewa notisi fupi, na dhamana yako hailazimiki kuwekwa kwenye mfuko wa ulinzi unaowalinda wapangaji wengine. Hata hivyo kwa kijana anayetoka kwenye nyumba yenye watu wengi, kukaa na mama mtu mzima anayepika na kuuliza habari za kazini kunaweza kumfaa kuliko nyumba ya vijana watupu. Serikali huwaruhusu wenye nyumba wa namna hii kupokea hadi pauni 7,500 kwa mwaka bila kodi ya mapato, kwa hiyo wapo, na wengine ni Waswahili wenzetu ambao watoto wao wameshahama.

Bado nasikia kwamba vijana wakikaa nyumba moja watahesabiwa familia moja na malipo yao yatakatwa. Si hivyo. Kila mmoja ana ombi lake la Universal Credit. Wanaounganishwa ni wapenzi wanaoishi kama mume na mke. Nasikia pia kwamba mwenye nyumba ana haki ya kuandika kwenye tangazo kwamba hataki wanaopokea malipo ya serikali. Mahakama ya York ilikwisha kuamua Julai 2020 kwamba kukataa kwa jumla namna hiyo kunavunja sheria ya usawa, na sheria ya 2025 imeliandika katazo hilo kwa uwazi zaidi.

Nimewaweka mwisho vijana wanaotoka kwenye makao ya waomba hifadhi, kwa sababu kwao kalenda ni mbaya kuliko kwa wote, na miongoni mwao wamo wanaozungumza Kiswahili, kutoka Kongo na Burundi. Kijana akikubaliwa kuwa mkimbizi, furaha ya barua hiyo huja na notisi ya kuondoka. Kwa kawaida mtu mzima asiye na familia hupewa siku 28. Malipo ya kwanza ya Universal Credit huchukua kama wiki tano tangu siku ya kuomba, yaani siku 35. Aombe basi siku anayopata barua, na papo hapo aombe malipo ya awali, akijua ni mkopo utakaokatwa polepole. Mwenye nyumba wa England lazima akague haki yake ya kupanga, kwa hiyo ahakikishe eVisa yake, yaani hati yake ya ukaazi ya mtandaoni, inafunguka kwenye simu na jina limeandikwa sawasawa na la kwenye benki. Na asingoje siku ya 28 ndipo aende halmashauri. Tangu barua inapofika tayari yumo ndani ya zile siku 56, na anastahili kuandikiwa mpango wake wiki hiyo hiyo.